Ukoko, Salfa na Tope: Jinsi ya Kuzuia Vifaa vya Kusafisha Biogesi Visizibe

Simu ninazopigiwa kutoka Dagoretti, Ruai na Kitengela hufanana. "Fundi, mtambo umejaa gesi, lakini jikoni moto ni kama wa mshumaa." Nikiuliza wamejaribu nini, jibu nalo hufanana: wamemwaga asidi. Mmoja ya kusafishia choo, mwingine ya betri. Hapo ndipo moyo hunipasuka, kwa sababu miongoni mwa vitu vinavyoziba vifaa vya gesi kuna kimoja ambacho kikikutana na asidi hutoa gesi ya kuua mtu. Ndiyo maana nimekaa kitako niandike haya yote mahali pamoja. Ukikumbuka jambo moja tu, liwe hili: jua kilichoziba kabla hujagusa chupa ya asidi.

Haya ni kwa mwenye mtambo wa nyumbani, wa shule au wa machinjio, na kwa fundi anayeanza. Kijana anayetafuta kazi kwenye mitambo mikubwa ya gesi asilia, kama ile ya Tanzania, Songo Songo kule Lindi au Madimba kule Mtwara, naye atafaidika. Vifaa vya huko ni vikubwa na presha ni ya juu, lakini gesi ni methani ileile na adui ni walewale.

Kinachoziba ni nini?

Biogesi ina methani asilimia 50 hadi 70. Inayobaki karibu yote ni kaboni dioksidi. Humo humo mna mvuke wa maji na salfaidi ya haidrojeni, ile gesi yenye harufu ya mayai viza. Katika kuisafisha unakutana na maji yaliyotuama, ukoko mweupe wa chokaa, salfa ya manjano, salfaidi ya chuma ambayo ni nyeusi, na tope la kahawia linaloletwa na povu au bakteria. Nadharia yenyewe ni hiyo, haizidi hapo.

Kusanya hivi kwanza

- Mpira mwembamba wa kuona ndani, mita mbili, na rangi kidogo ya chakula
- Koki za kufungia pande zote mbili za kila chombo
- Kipimo cha TDS (jumla ya chumvi zilizoyeyuka ndani ya maji), kile kidogo kama kalamu
- Siki ya jikoni na asidi ya sitriki ya unga
- Ndoo mbili za plastiki, brashi ya chupa, glavu za mpira, miwani ya kukinga macho
- Kengele ya mkononi ya kupima salfaidi ya haidrojeni. Ikikushinda kununua, azima au kodisha
- Daftari na kalamu
- Mtu wa pili

Huyo mtu wa pili hajawekwa hapo kujaza orodha. Kazi ya kufungua chombo cha gesi haifanywi na mtu mmoja.

1. Yajue maji yako

Nyumba mbili zenye mtambo wa aina moja zinaweza kuwa na shida tofauti kabisa kwa sababu ya maji tu. Maji ya mfereji yanayoletwa Nairobi kutoka bwawa la Ndakaini ni laini. Ukienda Kitengela na Athi River, visima vingi vina maji ya chumvi, na hayo hujenga ukoko haraka. Watu wengi wa Nairobi wakisikia neno "kisima" huwaza floridi. Hilo ni suala la meno ya watoto. Kwenye kazi hii tunachotafuta ni kalisi na magnesia, madini yanayofanya maji yawe magumu na kuleta ukoko.

Jipimie mwenyewe. Angalia ndani ya birika la chai: likiwa na ukoko mweupe, maji ni magumu. Nawa mikono kwa sabuni ya kipande: maji yakikataa povu, ni magumu. Ukipeleka maabara, zaidi ya miligramu 120 za ugumu kwa lita ni maji magumu, na zaidi ya 180 ni magumu sana.

Kwa kazi ya kusafisha gesi, maji bora ni ya mvua kutoka kwenye mabati. Mvua ya masika ikijaza tangi moja, una maji ya kuanzia mnara wako, ule wa kuosha gesi kwa maji ili kutoa kaboni dioksidi, bila shilingi kutoka. Ukoko ambao haukuingia hautakusumbua kuutoa.

2. Panga vifaa kwa utaratibu huu

Kutoka kwenye mtambo: mtego wa povu, mtego wa maji, chujio la chuma la kunasa gesi ya mayai viza, mtego mwingine wa maji, mnara wa kuoshea gesi (kama unao), kikaushio, kisha kompresa au jiko.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuweka mnara wa maji kabla ya chujio la chuma. Ukifanya hivyo, gesi ya mayai viza huyeyuka ndani ya maji. Maji hayo yakipulizwa hewa ili yatoe kaboni dioksidi, sehemu ya salfa hubaki humo kama unga wa manjano na kuganda kwenye vipande vya ndani. Kosa la pili ni kukausha gesi kabla ya chujio la chuma. Kutu inayofanya kazi ya kunasa inahitaji unyevu; ikikauka, inalala.

Kwenye kila chombo weka tundu dogo la kupimia, moja gesi inapoingia na moja inapotoka. Fundi wa jua kali Kamukunji atakuwekea matundu hayo kwa dakika chache wakati anachomelea. Ukiyasahau, utalazimika kukisia miaka yote.

3. Toa maji kwanza

Gesi ikitoka kwenye mtambo wenye joto la digrii 35 hubeba karibu gramu 40 za maji kwa kila mita ya ujazo. Ikipoa hadi digrii 20, inaweza kubeba kama 17 tu. Kwa hiyo mita za ujazo 50 za gesi kwa siku hukuachia zaidi ya lita moja ya maji ndani ya paipu. Mwezi wa Julai, usiku wa baridi yetu, huwa zaidi.

Laza paipu kwa mteremko wa sentimita moja hadi mbili kwa kila mita, kuelekea kwenye mtego. Paipu isiachwe ipinde kama kamba ya kuanikia nguo. Kila bonde dogo ni kizibo. Mtego wenyewe unaweza kuwa paipu iliyozama ndani ya chupa ya maji. Kina cha kuzama kipite presha ya gesi yako: gesi ikisukuma sentimita 15 za maji, zamisha 30.

Onyo: wakati wa kiangazi maji ya mtego hukauka, na gesi hutoka kimyakimya. Yaangalie kila wiki, uongeze.

4. Jaza chujio la chuma bila kulishindilia

Wengi hutumia sufu ya chuma, ile ya kusugulia sufuria. Ni sawa, ila ioshe kwa sabuni kutoa mafuta ya kiwandani, iloweshe, uiache ishike kutu ya rangi ya matofali kwa siku kadhaa. Chuma kinachong'aa hakinasi vizuri. Kinachonasa ni kutu.

Chombo kiwe cha plastiki na kiwe kikubwa vya kutosha gesi kukaa humo angalau dakika moja. Hesabu ni rahisi: ukitumia mita 3 za ujazo kwa saa, hizo ni lita 50 kwa dakika, basi nafasi iliyojaa sufu iwe lita 50 au zaidi. Nimeona watu wakifunga kichupa cha lita mbili kwenye gesi ya shule nzima. Kinaziba ndani ya wiki, halafu lawama inaendea sufu.

Panga sufu kwa matabaka ya kama sentimita 15, na kati ya tabaka na tabaka uweke wavu wa plastiki. Usishindilie. Ukiishika iwe kama mandazi yaliyoumuka vizuri, ikibonyea na kurudi. Gesi iingie juu na itoke chini ili maji yateremke nayo. Nyunyizia maji yenye magadi soda kidogo, haya haya ya kutoka Ziwa Magadi, kwa kuwa chujio likigeuka chachu huacha kunasa.

Ukiweza, weka machujio mawili yanayofuatana. La kwanza likichoka, la pili linashika kazi huku ukisafisha.

5. Mnara wa maji: ukoko hauanzii unapodhania

Maji yenye presha hubeba kaboni dioksidi nyingi, na maji ya namna hiyo huishika chokaa ikabaki imeyeyuka. Presha ikishuka, kaboni dioksidi hutoka, na chokaa haina tena cha kuishika. Inaganda hapo hapo. Kwa hiyo usihangaike na sehemu ya kuingilia. Angalia valvu ya kutolea maji, pua za kunyunyizia na tangi la kupumulia, lile ambamo maji huachia gesi yake. Kwenye visima vya gesi asilia mambo ni yale yale: ukoko hupenda valvu ambako presha inaanguka.

Fanya hivi:

Anza na maji ya mvua. Pima TDS ya maji mapya, uandike. Kila wiki chota maji ya mnara, yaache kwenye ndoo wazi hadi yamalize kutoa vipovu, kisha pima. Yakifika mara mbili ya namba ya mwanzo, mwaga nusu uongeze mapya. Huo ni mpaka wangu mwenyewe na umenifaa. Mwenye maji magumu sana abadilishe mapema zaidi. Kuongeza tu kile kilichokauka bila kumwaga ni kosa, maana maji huruka na chumvi hubaki.

Funika tangi kwa nailoni nyeusi. Jua likiingia, kijani huota, na kijani hicho hukamata kila unga unaopita. Kwa vipande vya ndani, kata paipu nyembamba za plastiki, urefu wa kipande ulingane na upana wake. Vizibo vya soda hulaliana kama sahani na kuacha maji yapite upande mmoja.

Maji unayoyamwaga bado yana gesi ndani yake. Yamwage nje, kwenye upepo, mbali na jiko na mbali na shimo lolote ambamo mtu anaweza kuingia.

6. Pima presha na uandike

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Pinda ule mpira wa kuona ndani kama herufi U, mimina maji yenye rangi hadi nusu. Unganisha ncha moja kwenye tundu la kuingilia la chombo na ya pili kwenye tundu la kutokea. Washa majiko yote uliyo nayo. Maji yatapanda upande mmoja. Tofauti ya sentimita kati ya pande mbili ndiyo presha inayoliwa na chombo hicho.

Pima gesi ikiwa inatembea. Majiko yakiwa yamezimwa, maji yatalingana hata kama chujio limeziba kama ukuta, nawe utadanganyika.

Andika tarehe, chombo, sentimita. Mama mmoja wa Dagoretti, mwenye ng'ombe wanne, anaandika yake nyuma ya daftari la maziwa. Chujio lake lilianza kwa nusu sentimita, likaja moja, moja na nusu, halafu ndani ya siku tisa likafika nne. Alinipigia kabla moto haujapungua. "Fundi, maji ya rangi yameanza kukimbia." Tulifungua Jumamosi asubuhi, wageni wake wa Jumapili wakapikiwa kama kawaida.

Kwa mtambo wa mfuko, ambao presha yake huwa ndogo, mimi hufungua chujio likila sentimita 3. Kwa mtambo wa kuba wenye presha kubwa unaweza kusubiri kidogo, lakini ukiona namba imeongezeka mara mbili ndani ya wiki, fungua.

7. Fungua chombo kwa usalama

Methani ikichanganyika na hewa kati ya asilimia 5 na 15 hulipuka. Salfaidi ya haidrojeni ni nzito kuliko hewa, hivyo hutulia mashimoni. Ikifika sehemu 100 kwa milioni ni hatari kwa uhai, na pua huanza kufa ganzi. Harufu ikipotea ghafla usidhani gesi imekwisha.

Funga koki zote mbili. Zima kila moto, na simu iache mbali. Toa gesi iliyobaki kupitia mpira hadi juu na mbali na watu. Simama upande upepo unakotokea. Kengele ikilia, ondokeni, msirudi hadi hewa isafike. Mwenzako akianguka ndani ya shimo, usimfuate. Vuta hewa safi, ita msaada wenye vifaa. Wengi waliokufa kwa gesi hii waliingia kuokoa.

Kabla ya kutoa kitu cheusi, kiloweshe. Salfaidi ya chuma ikikauka na kupata hewa huwaka yenyewe, bila kiberiti. Mwaka wangu wa pili wa kazi hii nilitoa sufu nyeusi kwenye mtambo wa shule moja, nikaiweka juu ya gunia kwenye toroli, nikaenda kunawa. Niliporudi palikuwa na mvuke mwembamba, kama wa sufuria inayokaribia kuchemka. Nikaweka kiganja karibu, joto likanirudisha nyuma. Kabla sijafika kwenye ndoo, gunia lilikuwa linaungua kwa mstari mwekundu ukitembea pembeni. Watoto walikuwa mapumzikoni, hatua ishirini tu kutoka hapo. Tangu siku ile maji huja kwanza, sufu baadaye. Kwenye mitambo ya gesi asilia, mabaki meusi kama hayo nayo huloweshwa chombo kinapofunguliwa, kwa sababu hiyo hiyo.

Sufu ukitaka kuitumia tena, itandaze nyembamba juu ya saruji, kivulini, mbali na watoto na makaratasi, uinyunyizie maji na kuigeuza kila siku hadi irudie rangi ya kutu. Kila ukiirudisha hivyo, salfa hubaki ndani yake. Baada ya mara mbili au tatu haipitishi gesi tena, itupe.

8. Jua kilichoziba, ndipo usafishe

Chukua kipande kama punje ya maharagwe. Nenda nje, kiweke kwenye kisahani, udondoshee matone machache ya siki, uso ukiwa mbali.

Cheupe kikitoa vipovu bila harufu ni chokaa. Hapa asidi ya sitriki inafaa: gramu 50 kwa lita ya maji ya uvuguvugu. Loweka, mwaga, rudia kwa mchanganyiko mpya. Usichemshe, maana chokaa na asidi ya sitriki vikipata joto jingi hutengeneza unga mwingine mweupe usioyeyuka. Usiitumie kwenye mabati au paipu zenye zinki, itazila. Usichanganye kamwe na jik.

Cheupe chenye chembe kama sukari, kisichotoa vipovu lakini kikayeyuka polepole, na ambacho umekitoa kwenye paipu ya slari (uji wa kinyesi na maji), ni chumvi ya fosfeti, amonia na magnesia. Sitriki hukiondoa pia.

Cha manjano kisichojali siki ni salfa. Asidi haitakusaidia lolote. Kikwangue kikiwa kimelowa, kwani vumbi lake kavu hushika moto.

Cha kahawia chenye utelezi ni bakteria au povu lililokauka. Maji moto, sabuni na brashi vinatosha.

Cheusi kikitoa harufu ya mayai viza ni salfaidi ya chuma, ile inayotoa gesi ya kuua ikikutana na asidi. Acha hapo hapo. Usimwage asidi ndani ya chombo hicho hata kifuniko kimoja cha chupa. Kitoe kwa mkono wenye glavu kikiwa kimelowa, au uite fundi mwenye vifaa vya kupumulia.

Tena, vunja kipande uone katikati. Ukoko mwingi una matabaka: nje mweupe kama chaki, ndani mweusi. Mtu hupima ule wa nje, akaona vipovu, akajaza asidi, na nusu saa baadaye asidi ikafika kwenye weusi. Pima kila tabaka.

Asidi ya betri ninaikataza kabisa kwenye chokaa. Huigeuza kuwa jasi, ngumu zaidi kuitoa, nayo haiyeyuki kwa siki wala kwa sitriki. Paipu niliyokuta imefanyiwa hivyo tuliikata tukatupa.

Ukikwama

*Moto unapumua, mkubwa kisha mdogo kisha mkubwa.* Maji yametuama kwenye paipu. Tafuta bonde, inua paipu, toa maji. Usiguse chujio bado.

*Moto ni mdogo wakati wote, lakini machujio yanasoma vizuri.* Angalia tundu la jiko lenyewe. Salfa na kutu hukusanyika hapo. Lizibue kwa sindano, jiko likiwa limezimwa na kupoa.

*Presha imepanda siku moja baada ya kulisha mtambo.* Ni povu. Hutokea sana kwenye machinjio, kama ukimwaga damu na taka za matumbo kwa wingi mara moja. Wanaotumia taka za machinjio ya Kiamaiko nawaambia wagawe mlo wa siku mara tatu. Safisha mtego wa povu, punguza mlo kwa siku mbili tatu.

*Chujio haliendi hata wiki.* Ni dogo mno, au limeshindiliwa, au maji kutoka kwenye paipu yanalifurika. Angalia mtego unaolitangulia kwanza.

*Harufu inapita hadi jikoni ingawa presha iko sawa.* Gesi imejichimbia njia upande mmoja wa sufu. Ifungue, ipange upya, hakikisha ina unyevu na kutu.

*Manjano yanarudi kila mwezi kwenye paipu ya kutokea mtamboni.* Huenda hewa inaingia. Baadhi ya mafundi huipuliza makusudi, kiasi kidogo, ili bakteria wabadilishe mayai viza kuwa salfa. Bila kipimo cha oksijeni usijaribu. Kama hukuipuliza wewe, kuna mahali panavuja; paka maji ya sabuni kwenye viungo vyote na utafute vipovu wakati mtambo una presha.

*Kompresa inapata joto na mafuta yake yanakuwa meusi haraka.* Gesi bado ina maji au mayai viza. Izime leo, usingoje kumaliza mtungi uliouanza.